Ubeti wa Mwisho wa Irindi

Katika zama ambazo milima ya Upare ilikuwa haijajua bendera ya mtu, na gobori za pwani zilikuwa ndiyo kwanza zinapanda bara pamoja na nguo za merikani, masango ya shaba na ushanga, palikuwa na kitongoji kiitwacho Irindi. Msomaji asijisumbue kukitafuta. Hata siku zake za uhai, msafiri wa njia ya bondeni angeweza kupita mara mia asijue kwamba juu ya kichwa chake kuna watu wanaooana, wanaozikana na wanaogombea mipaka ya migomba. Kilikuwa na nyumba tisa tu. Ukikohoa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya tisa anakupa pole.

Kitongoji hicho kilikaa juu ya mwamba uliotokeza kifuani mwa mlima, nyuma msitu, mbele jabali tupu. Njia ya kupandia ilikuwa moja, ngazi za mawe zilizobanwa na magenge huku na huku, na wenyeji waliiita Koo, kwa kuwa kila kilichoingia Irindi na kila kilichotoka kilipita hapo. Nyuma ya nyumba, palipoanzia msitu, palikuwa na ndiva, yaani bwawa la mababu, lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo mwekundu. Mtu aliyesimama chini hakuweza kuliona. Aliona jabali na utepe wa maji ukiteremka korongoni, akadhani ni chemchemi ya Mungu tu.

Usiku kijito kilijaza ndiva, na mchana maji yaligawiwa. Tangu alfajiri hadi jua la utosi yalikuwa ya Irindi. Tangu hapo hadi jioni yaliteremka kwa mfereji wa korongoni mpaka Kwamteri, kitongoji kingine kidogo kilichokuwa chini, kwenye uwanda ulio mdomoni mwa korongo. Watu wa Kwamteri walikuwa ndugu na wakwe wa watu wa Irindi. Mababu walichinja kondoo mweusi na kula kiapo juu yake: wa juu hatamnyima wa chini maji, hata wakigombana mpaka kutoana meno.

Mwenye kuyagawa maji hayo, wakati wa habari hii, alikuwa Mbonea, mtu wa makamo, mwembamba, mvaa kaniki na ngozi ya mbuzi begani. Maneno yake yalikuwa machache na ubishi wake mwingi. Alimpenda mkewe Nanzighe, aliipenda ndiva yake, lakini aliyekuwa mboni ya jicho lake ni bintiye wa pekee, Nakijwa, aliyeolewa Kwamteri mwaka uliotangulia. Kila siku jua likifika utosini, Mbonea alipoyafungulia maji ya chini, alitupa jani la mgomba mferejini. Nakijwa akiliona jani huko chini, alijua baba yake ameamka salama.

Sasa kulikuwa na desturi moja, na habari yote hii imeangikwa juu yake. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli, pembe ya tandala ililia na watu wa juu na wa chini wakakusanyika kwenye msaragambo, kazi ya wote isiyo na ujira, kuzoa tope la ndiva. Siku ya mwisho ilikuwa ya kuosha mfereji. Watu waliingia bwawani, wakalivuruga tope kwa miguu na majembe, kisha Mbonea akafungua tundu dogo. Maji mekundu yakashuka mpaka Kwamteri. Hiyo ilikuwa ishara. Kila aliyekuwa uwandani alibeba mtoto na kuswaga mbuzi, akapanda Jiwe la Mbuzi, jabali refu la pembeni, maana baada ya maji mekundu huja maji makubwa ya kusomba kila kitu.

Nao wanawake waliimba. Wimbo ulianza korongoni na kupanda nao, na ubeti wake wa mwisho uliimbwa na mwanamke mmoja tu, yule aliyekuwa wa mwisho kutoka katika njia ya maji:

*Mgawa maji, fungua,*
*nyuma yangu hakuna mtu.*

Mgawa maji alikatazwa kugusa lango kabla hajausikia ubeti huo. Tangu enzi za babu wa babu, hakuna aliyewahi kuuimba kwa uongo.

*

Basi mwaka huo, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, alikuja Kivuma.

Kivuma hakuwa mtemi wala mfanyabiashara, ingawa alijiita yote mawili. Alikuwa mtu aliyekusanya wenye njaa wa kila kabila, akawapa baruti na kilemba, akawaita jeshi. Alivaa joho jeusi lililofifia na kuchomeka jambia lenye mpini wa fedha, na nyuma yake waliandamana watu themanini, thelathini wenye gobori, waliosalia wenye mikuki na sime. Pwani walihitaji watu wa kubeba pembe na kulima mashamba ya karafuu, na Kivuma alijua bei.

Aliifikia Kwamteri asubuhi, wanaume wakiwa shambani. Kabla umande haujakauka, vibanda vilikuwa vinawaka. Waliopigana waliuawa, na mume wa Nakijwa alikuwa miongoni mwao. Waliosalia, watu ishirini na watatu, walifungwa kamba moja shingoni, na wanaume wakatiwa makongwa, zile nira za mti. Wawili watatu tu waliponyoka wakapanda Koo, na nyuma yao watu wa Irindi wakaiziba njia kwa mawe na miiba.

Mbonea alilala kifudifudi ukingoni mwa mwamba, akatazama chini. Watu walionekana wadogo kama kuku. Alimtambua mwanawe kwa mwendo, maana Nakijwa alikuwa na mguu uliovunjika utotoni ukaunga vibaya kidogo. Hakuwa kwenye kamba. Alikuwa mbele ya hema la Kivuma, ameinama, anapuliza moto. Walikuwa wamemtoa awe mpishi.

"Yu hai," alimwambia mkewe.

Nanzighe alijiziba mdomo kwa kiganja, akalia bila sauti. "Yu hai kwa siku ngapi?" akauliza.

Siku ya pili Kivuma alijaribu Koo. Watu wake walipanda wakipiga kelele, risasi zikachubua mawe, moshi wa baruti ukajaa njia nzima. Lakini Koo ilipitisha watu wawili tu kwa wakati mmoja, na juu yake walikuwepo wanaume kumi na wanne wenye mishale ya sumu, na wanawake wenye mawe ya kusagia. Ndiyo, mawe ya kusagia. Nanzighe aliviringisha la mama yake, likawaangusha watatu. Washambuliaji walirudi chini wakiacha maiti tisa. Irindi ilipoteza watu wanne, na katika kitongoji cha nyumba tisa, wanne ni msiba wa kila mlango.

Kivuma alisimama chini ya jabali, mikono kiunoni, akacheka kwa sauti iliyopanda mpaka juu.

"Enyi nyani wa mlimani! Aliye juu mngoje chini! Ndugu zangu wako njiani na bunduki sitini. Kwa siku tatu nitakula mahindi yenu, kisha nitakuja kuwala ninyi!"

Akajichotea maji ya mfereji kwa kata, akanywa, akasukutua, akayatema.

*

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, watu wazima walikaa penye ukuta wa ndiva. Aliyeongoza baraza alikuwa Mndeme, kaka yake Mbonea na mkuu wa kitongoji, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Bega lake lilikuwa limefungwa majani, maana risasi ilikuwa imelipitia asubuhi.

"Nitasema neno baya," alisema Mndeme, "na atakayenilaani anilaani. Wale watu wanakunywa maji yetu. Mto mwingine uko mwendo wa nusu siku. Tuufunge mfereji. Hawatakaa siku tatu bila maji."

Kila mmoja alimtazama Mbonea.

"Nasi tulikula kiapo," alisema Mbonea.

"Kiapo tulikula na Kwamteri. Kwamteri i wapi leo? Ni majivu."

"Kwamteri ni wale walio kwenye kamba, kaka. Maji yakipungua, unadhani Kivuma atamnywesha nani kwanza? Atakunywa yeye, watakunywa watu wake, watakunywa punda wake. Wa kwanza kufa kwa kiu watakuwa ndugu zetu."

Mndeme aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na tusije tukamfanya mbaya kwa kuwa alisema lililo gumu. "Mdogo wangu," alisema polepole, "hapa juu tuko arobaini na mmoja. Chakula cha siku nne. Mishale niliihesabu mwenyewe, haizidi sitini. Zikija bunduki sitini nyingine, Koo haitatuokoa. Tutafungwa kamba ile ile, sisi na wao. Ukipata njia ya tatu, niambie, nitakupigia magoti ingawa mimi ndiye mkubwa."

Mbonea aliupapasa ukuta kwa kiganja. Kila jiwe lake alilijua. Hili aliliweka babu yake, hili baba, hili yeye mwenyewe siku aliyozaliwa Nakijwa.

"Njia ipo," alisema hatimaye. "Tufunge mfereji, lakini si kwa ajili ya kiu. Tufunge ili ndiva ijae. Huko juu mvua imeanza, kijito kimenenepa. Kwa siku mbili itafurika. Wakati inajaa, tutauchimba ukuta huu kwa nje, tubakize gogo la mhimili tu linaloushikilia. Siku ya tatu tutavuruga tope na kuteremsha maji mekundu. Ndugu zetu watajua. Watatafuta njia ya kupanda Jiwe la Mbuzi. Kisha tutang'oa gogo."

Mwanamke mmoja alishusha pumzi kwa nguvu. Kung'oa gogo si kufungua lango. Gogo likitoka, ukuta wote huenda, na ukuta ukienda, ndiva imekwisha. Bila ndiva hakuna migomba, hakuna mahindi ya kiangazi, hakuna Irindi. Vizazi sita vilikuwa vimeujenga.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Mndeme.

"Najua."

"Na wasipoweza kupanda? Wamefungwa, Mbonea."

"Wana akili. Wanaye mwanangu pia." Akawatazama mmoja mmoja. "Sitang'oa mpaka nisikie ubeti wa mwisho. Hiyo ndiyo sheria yetu, nanyi wote mnaijua."

Mndeme akainuka kwa taabu, akapiga goti moja mbele ya mdogo wake kama alivyoahidi. Halikuwa jambo la kuchekesha, na hakuna aliyecheka.

*

Siku mbili hizo Mbonea hakula kitu. Alichimba ukuta wa baba zake kwa mtaimbo wa mti mgumu, na kila jiwe lilipotoka alilishika mikononi kidogo kabla ya kuliweka chini. Siku ya kwanza, jua lilipofika utosini, mkono wake ulinyanyuka wenyewe kwenda kwenye kizibo, kwa mazoea ya miaka ishirini. Akaurudisha. Siku hiyo Kwamteri haikupata maji wala jani la mgomba.

Kutoka ukingoni alitazama kiu ikifanya kazi. Watu wa Kivuma waliufuata mfereji mkavu, wakapiga mateke mawe yake, wakapeleka punda mto wa mbali. Walirudi na viriba vichache, na viriba vile vilikwenda hemani. Waliofungwa walikaa juani, hawakupewa hata kata moja. Siku ya pili jioni mmoja wao aliburutwa nje ya kamba, akaachwa pembeni, hakuinuka tena. Mbonea alijaribu kuona ni nani, asiweze. Moyo ulimuuma, akajilaumu kwa sauti, na Nanzighe akamwacha ajilaumu, kwa sababu yeye pia alikuwa na la kumlaumu.

Nyuma yake ndiva ilikuwa imevimba kuliko alivyowahi kuiona. Maji yalilamba ukingo wa ukuta.

Siku ya tatu kulikucha na ukungu.

Si ukungu wa kawaida wa milimani unaopanda na kuondoka. Ulikuwa mzito, mweupe, umeziba bonde lote. Kutoka ukingoni hapakuonekana hata mwamba wa pili. Mara, kutoka mbali, upande wa tambarare, ngoma zikasikika. Ndugu za Kivuma walikuwa wanakuja, na kwa mlio wa ngoma walikuwa wamebakiza mwendo wa mtu kupika ugali na kuula.

"Hatuwezi kungoja ukungu uinuke," alisema Mndeme.

"Hatuwezi," alikubali Mbonea.

Wanawake wa Irindi waliingia bwawani mpaka kifuani. Wakalikanyaga tope, wakalivuruga kwa majembe, wakilia huku wakifanya kazi, hata maji yakawa kama damu ya ng'ombe. Mbonea akafungua tundu dogo. Kabla hajaliachia alichuma jani la mgomba, akalitupa humo. Likazunguka mara mbili na kuzama kwenye wekundu.

Kisha wote wakasikiliza.

Hakuna kitu kinachochosha kama kungoja bila kuona. Walisikia wanaume wakishangilia chini, maji yamerudi! Halafu wakasikia matusi, maana yalikuwa tope tupu. Zikasikika sauti za kubishana, watu kupigwa kamba, mtu kulia. Ngoma zikasogea. Mbonea alikuwa ameshika mtaimbo, ncha yake chini ya gogo la mhimili.

Ndipo wimbo ulipoanza.

Ulianza hafifu, sauti za koo zilizokauka, lakini ulikuwa ule ule, wimbo wa msaragambo, na ulikuwa unatembea. Ubeti wa kwanza ulitoka uwandani. Wa pili ulitoka upande wa kushoto, kwenye mwinuko. Wa tatu ulitoka juu zaidi, na watu wa Irindi wakashikana mikono, kwa kuwa kila mmoja wao aliijua ile sehemu hata akiwa amefumba macho. Walikuwa wanapanda Jiwe la Mbuzi. Kwa namna asiyoijua mtu, walikuwa wanapanda.

"Mungu wa babu zetu," alinong'ona Mndeme. "Wanapanda."

Ubeti wa nne ulitoka kileleni. Kisha kimya. Ngoma zilikuwa zimefika karibu sana, na farumbeta ya Kivuma ililia kuwapokea wageni wake.

Na ukaja ubeti wa mwisho. Sauti moja, ya mwanamke, nyembamba na iliyo wazi:

*Mgawa maji, fungua,*
*nyuma yangu hakuna mtu.*

Katika ukungu sauti hucheza. Huenda kulia ukadhani iko kushoto. Lakini Mbonea alikuwa ameisikia sauti ile tangu kilio chake cha kwanza duniani, na kuipata hakuhitaji macho. Haikutoka jiweni. Ilitoka chini, uwandani, penye moto wa hema la Kivuma.

Nakijwa alikuwa bado yuko katika njia ya maji, naye alikuwa anamwambia baba yake afungue.

Mtaimbo ulimlegea mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani asingekuwa na masikio. Ikiwa hatafungua, ngoma zile zitaingia, na walio jiweni watateremshwa, na arobaini wa Irindi wataungana nao kwenye kamba, na mwanawe atakuwa miongoni mwao, mtumwa lakini hai. Hai! Neno hilo lilimvuta kwa nguvu zote. Je, ni nani angemlaumu? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Sauti ikarudia. Safari hii ilikuwa kali, kama alivyozoea kumkemea baba yake akisahau kula.

*Mgawa maji, fungua!*

"Wako jiweni wote," alisema Mndeme, machozi yakimtiririka. "Sauti imetoka jiweni, sivyo? Mbonea! Imetoka jiweni?"

Mbonea alimgeukia kaka yake. Uso wake haukuwa na kitu.

"Ndiyo," alisema. "Imetoka jiweni."

Akauegemea mtaimbo kwa uzito wake wote, na gogo likatoka.

*

Maji ya siku tatu na kazi ya vizazi sita vilishuka pamoja. Walionusurika walisema mlio wake ulikuwa wa mlima kugeuka upande usingizini. Korongo lilijaa mpaka midomo, mawe makubwa kama nyumba yakaviringika, na uwanda wote wa Kwamteri ukasombwa, hema, punda, baruti na ngoma zilizokuwa zinaingia. Kivuma hakupatikana. Waliopona katika watu wake walitawanyika tambarare, kila mmoja njia yake, na walinzi sita waliokuwa wamewasindikiza mateka jiweni walitupa silaha zao wakakimbia kabla mtu hajawafukuza.

Ukungu ulipoinuka, watu wa Irindi waliteremka Koo mbio. Waliwakuta ndugu zao kileleni, ishirini na mmoja, wamefungwa kamba bado, midomo imepasuka. Nanzighe alipita kwenye kamba akishika kila uso kwa mikono miwili. Alifika mwisho wa kamba. Akarudi mwanzo, akaanza tena.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Mbonea, mwanangu yuko wapi?"

Aliyejua alikuwa Namsemo, mama mkwe wa Nakijwa, mwanamke mzee wa mwisho kwenye kamba. Alimvuta Mbonea pembeni, akamwambia yeye peke yake.

"Alikwenda kuteka, akayaona maji mekundu, na jani lako. Akamwendea yule mwovu, akamwambia maji ya mfereji yameoza, lakini juu ya Jiwe la Mbuzi kuna vishimo vyenye maji safi ya mvua, ni vidogo, vinahitaji mikono mingi. Yule akasema, sawa, waende wote na vibuyu, wewe ubaki hapa. Wasiporudi, wewe ndiye utakayejibu. Nilimwambia aingie yeye kwenye kamba, nibaki mimi, nimeshakula chumvi nyingi. Akaniambia, 'Mama, hawakutaki wewe, wananitaka mimi. Panda. Ukifika juu usiimbe ubeti wa mwisho, niachie mimi.' Akasema pia, 'Baba atajua nilipo. Usimwambie mama.'"

Mbonea aliketi chini kwenye tope. Nanzighe alikuja akasimama mbele yake.

"Ulisikia ubeti?" aliuliza. "Ulisikia wapi?"

Namsemo alitazama kando. Kila mtu alimtazama Mbonea.

"Ukungu, mke wangu," alisema. "Ukungu ulinidanganya. Nilidhani yuko jiweni."

Nanzighe alimpiga kifuani kwa ngumi mbili, kisha akamwangukia, wakalia pamoja. Aliusamehe ukungu. Mume wake hakumpa la zaidi la kusamehe, na Nanzighe alikufa miaka kumi baadaye akiamini hivyo.

Irindi haikukaa. Bila ndiva, kiangazi kilichofuata migomba ilikauka kuanzia mzizi, na wale waliosalia, wa juu na wa chini, walibeba mbegu zao na mawe ya kusagia, wakahamia upande wa pili wa mlima, ambako walichimba ndiva mpya. Pale pa zamani pamebaki pengo katika ukuta uliomea nyasi, na ngazi za Koo ambazo mbuzi tu huzipanda. Wenye kusimulia wanasimulia vita, jinsi kitongoji cha nyumba tisa kilivyoshinda bunduki tisini, na wanapofika kwenye habari ya binti husema palikuwa na ukungu, masikini, baba yake hakujua. Hivyo ndivyo historia ilivyoamua, na pengine ni kwa huruma.

Desturi moja tu ilibadilika. Katika ndiva mpya, msaragambo ulipofika mwisho, ubeti wa mwisho haukuimbwa tena, kwa amri ya Mbonea, na hakueleza sababu. Badala yake yeye mwenyewe aliteremka mferejini kwa miguu, mwaka baada ya mwaka, mpaka mgongo ulipopinda na kuhitaji mkongojo. Alitembea toka juu hadi chini, akichungulia kila kona na kila kichaka, watu wamesimama ukingoni na majembe yao wakimngoja kwa subira. Vijana walipomwuliza anatafuta nini, aliwajibu kwamba anahakikisha tu hakuna mtu nyuma.